Kutoka Sanduku la Dawa hadi Dirisha la Famasi: Homa, Saratani na Mfamasia katika Njia ya Tabora

Historia ya tiba katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji imeandikwa zaidi kama historia ya matabibu. Watunza dawa hawatajwi sana. Hata hivyo, uhai wa mgonjwa ulitegemea sana aliyebeba sanduku. Januari 1867, mbali kusini ya njia hiyo, wapagazi waliotoroka walikwenda na sanduku la dawa la David Livingstone. Alipofika Ujiji Machi 1869, dawa alizotumiwa zilikuwa zimekwama Unyanyembe, mwendo wa siku 13 upande wa mashariki.

Livingstone alikuwa daktari na mchanganyaji dawa kwa wakati mmoja. Vidonge vyake vya homa, vyenye kwinini na dawa za kuharisha, alivibuni mwenyewe. Hapakuwa na jicho la pili. Homa ilipokuja, kwinini ilitolewa. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 misafara ilikuwa imefifia, lakini mazoea ya kuiona kila homa kuwa malaria yalidumu, na kwa sababu za haki: mara nyingi ilikuwa malaria kweli.

Saratani ndiyo inayoyafanya mazoea hayo kuwa ya hatari. Mgonjwa wa Tabora husafiri hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, au Bugando, Mwanza, kisha hurudi nyumbani kati ya mzunguko mmoja wa dawa na mwingine. Dawa hizo hazina msamaha. Kipimo chake hukokotolewa kwa urefu na uzito wa mgonjwa. Vinkristini, dawa ya mshipani, huua ikidungwa kimakosa katika maji ya uti wa mgongo. Ndiyo maana mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri izimuliwe katika mfuko mdogo badala ya kuwekwa kwenye bomba la sindano. Kazi hiyo ni ya famasi.

Lakini hatari isiyojadiliwa vya kutosha huanza mgonjwa anaposhuka Tabora. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa nyingi za aina hii, chembe nyeupe za damu hupungua sana. Homa ya siku hizo ni dharura ya saa chache, hata kipimo cha malaria kikionyesha vimelea. Anayetumia methotrekseti akiuziwa septrini, dawa zote mbili huzuia kazi ya asidi ya foliki, na uboho huweza kushindwa kabisa. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yamesogeza dawa karibu na wanavijiji. Muuzaji wake, ambaye si mfamasia, hawezi kulaumiwa kwa kutouliza asichoambiwa.

Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 iliiweka taaluma chini ya Baraza la Famasi. Leseni ya dirishani, hata hivyo, si sawa na mfamasia anayezunguka wodini Kitete akiwa na simu ya mwenzake wa Ocean Road, wala haichukui nafasi ya kadi mkononi mwa mgonjwa yenye jina la dawa, kipimo, tarehe ya mzunguko wa mwisho, na siku ambazo homa haipaswi kuitwa malaria kabla chembe nyeupe hazijahesabiwa.