FAHAMU: Ukipiga 115 kinatokea nini?

Leo tuongelee m-mama, ule mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, mama waliojifungua na watoto wachanga. Wengi tunausikia tu redioni, ila kinachoendelea ndani yake hatukijui.

Chukulia mama yuko Zagayu, wilaya ya Itilima (kabla ya 2012 ilikuwa Bariadi). Amejifungua zahanati, damu haikati. Damu ya namna hiyo inaua ndani ya saa chache tu.

Mwaka 1994 watafiti Thaddeus na Maine walieleza kuwa muda hupotea sehemu 3: kuamua kutafuta huduma, kufika kituoni, na kuhudumiwa ukishafika. m-mama inapambana zaidi na hiyo ya pili.

Watengeneza programu huanza kwa kuchora kazi nzima kwenye karatasi: nani anaanza, anauliza nini, anamkabidhi nani. Haya, tuchore ya zamani. Nesi anatafuta dereva wa ambulansi. Ambulansi iko kwingine. Ndugu wanatafuta gari mtaani. Mwenye gari anataka hela kwanza. Ndugu wanaanza kuchanga. Kila mshale kwenye mchoro huo ni dakika zinazopotea, na mama anazidi kuishiwa damu.

Sasa tuchore ya m-mama:

1. Mhudumu wa zahanati au ndugu anapiga 115. Ni bure, usiku na mchana.
2. Mratibu kwenye kituo cha mkoa anauliza maswali yanayotokea kwenye kompyuta yake, anajaza majibu.
3. Programu inasaidia kuamua kama ni dharura, na mgonjwa apelekwe kituo gani.
4. Inatafutwa ambulansi. Kama hakuna iliyo karibu, anaitwa dereva wa jamii, yaani mtu mwenye gari lake aliyesajiliwa tayari.
5. Hospitali inayompokea inaarifiwa ijiandae.
6. Mgonjwa akifika na ikathibitishwa, dereva analipwa nauli kwa simu. Familia haitoi hata senti.

Kumbe siri kubwa iko hapo namba 6! Bei haijadiliwi usiku wa manane, na dereva ana uhakika wa hela yake.

Mfumo ulianzia huku huku Kanda ya Ziwa, Sengerema na Shinyanga, kwa ushirikiano wa serikali, Vodafone Foundation na wenzao. Aprili 2022 Rais Samia aliuzindua rasmi Dodoma ili uenee nchi nzima.

Takwimu za kitaifa zinasema vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 (utafiti wa 2015/16) hadi 104 (2022). Si kazi ya m-mama peke yake, maana mwaka huo ndo kwanza ilikuwa inaanza kusambaa. Lakini barabara ndefu ya kwenda hospitali bado ipo, na mvua bado zinanyesha.

Tukumbuke pia kompyuta haiongezi damu benki, wala haimshawishi mzee wa nyumbani anayesema "tusubiri kukuche". Mashine inaanza kazi pale tu mtu anapopiga. Kutoka damu nyingi, degedege, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, homa kali: hizo si za kusubiri.

Hifadhi 115 kwenye simu yako, na ya mama pia. Mdau uliyewahi kuitumia, ilichukua muda gani gari kufika? Tupia maoni hapo chini.