M-Pesa: Mfumo Uliosanifiwa Upya na Wateja

Machi 6, 2007 kampuni ya simu ya Safaricom ilizindua M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, nchini Kenya. Kila siku hiyo inapokumbukwa husifiwa kampuni na huhesabiwa wateja, na ubishi wa nani hasa aliyeibuni haujaisha. Wasanifu wa programu yenyewe hawatajwi, ingawa wao ndio walioamua kipi kikae ndani ya simu, kipi kikae kwenye seva ya mbali na kipi kitupwe kabisa.

Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, kampuni ya Uingereza iliyokuwa na hisa katika Safaricom, ndio walioongoza mradi huo; waliandika kumbukumbu zao mwaka huohuo wa 2007, nami nazifuata hapa. Fedha za kuanzia zilichangiwa na Vodafone na serikali ya Uingereza. Programu iliundwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge.

Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa wateja wasiofika 500. Lengo halikuwa kutumiana pesa. Wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, walitakiwa kupokea na kulipa mikopo yao kwa simu. Hapo ndipo mvutano ulipozuka. Mikopo ya Faulu ilisimama juu ya vikundi: wanachama hukutana, hulipa mbele ya wenzao na kudhaminiana. Mtu akiweza kulipa akiwa dukani kwa wakala, mkutano wa nini? Isitoshe, M-Pesa na vitabu vya Faulu havikuunganishwa, kwa hiyo hesabu zililinganishwa kwa mkono. Kila utaratibu wa kikundi ulioingizwa kwenye programu uliizidishia ugumu.

Wateja nao walikuwa na yao. Wafanyabiashara waliweka pesa kwa wakala jioni, benki zikiwa zimefungwa, wakazichukua asubuhi. Wasafiri waliweka fedha walikotoka na kuzitoa walikofika. Wengine waliwanunulia jamaa wa mashambani kredi, au wakawalipia wenzao mikopo. Wasanifu waliyasoma matumizi hayo kwa unyenyekevu, na kwangu hapo ndipo ustadi wao ulipo. Mikopo iliondolewa. Yakabaki machache: kuweka, kutoa, kutuma na kununua kredi.

Menyu ilikaa kwenye laini ya simu, hivyo hata simu ya bei nafuu kabisa ilitosha. Maagizo yalisafiri kwa ujumbe mfupi uliosimbwa hadi kwenye seva, iliyotunza salio na kumtumia kila upande uthibitisho. Fedha zenyewe zilikaa benki chini ya udhamini. Akili yote ya mfumo ilikuwa mbali na mkono wa mteja, kama ilivyo leo katika programu za biashara zinazoendeshwa kwenye wingu.

Mwaka mmoja baada ya uzinduzi wateja walikuwa wamepita milioni 2. Seva zilikuwa Ujerumani hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015, na mwaka 2017 jukwaa la Safaricom liitwalo Daraja likawafungulia waandishi wa programu njia ya kuunganisha biashara zao na mfumo.

Naona ni aibu kwamba mwanafunzi wa kompyuta anaweza kuhitimu hapa Kenya akijua majina ya huduma za wingu za Marekani bila kuulizwa hata mara moja kwa nini mikopo ya Faulu ilitolewa kwenye menyu. Wahadhiri, wapeni mfano huu wauchambue. Nanyi mlioijenga na kuitunza mitambo ya M-Pesa, andikeni mliyoyaona.