Safari ya Ningu katika Mto Kuja

Masika yaingiapo, na maji ya Mto Kuja yakafurika na kugeuka mekundu kwa udongo wa vilima vya Kisii, samaki aitwaye ningu, ambaye urefu wake haufiki nusu mita, huliacha Ziwa Victoria na kuukwea mto, akishindana na mkondo hali tumbo limejaa mayai, ili akatage.

Wahenga wa Wajaluo, watu wa kando ya ziwa hilo, nao walisafiri mbali: walitoka Bahr el Ghazal wakawasili Homa Bay na Migori baada ya vizazi kadhaa, wakipumzika na kulima njiani. Lakini ningu, tofauti na wao, hana masurufu wala kituo.

Nyavu za makila, zilizoingia ziwani mwaka 1905, zilipotegwa milangoni mwa mito ziliwanasa ningu kabla ya kutaga, nao wakawa adimu. Tafadhali, usitege wavu hapa mtoni wakati wa masika.