Kamaru Alirudi Wapi? Mtunzi wa River Road na Dhana ya Kurudi kwenye Kiwango

Simulizi iliyozoeleka kuhusu Joseph Kamaru huyakata maisha yake vipande vitatu. Kwanza ni kijana wa Kangema, Murang'a, aliyezaliwa mwaka 1939, akaingia Nairobi, akanunua gitaa na kuwa sauti kubwa kuliko zote katika muziki wa Kikuyu. Kisha ni mwaka 1993, alipookoka, akaivunja bendi yake ya Kamaru Super Stars na kugeukia nyimbo za injili. Mwisho ni mzee wa miaka ya 2000 aliyerejea kwenye nyimbo za dunia, na mashabiki wakasema amerudi kwenye fomu. Simulizi hii ina utamu wa mfano wa mwana mpotevu, ila hapa mwana anarudi baa na si nyumbani kwa baba. Tatizo lake ni kwamba inatumia kipimo kilichotengenezwa kwa biashara nyingine kabisa.

Makala haya yanadai kwamba Kamaru hakurudi kwenye kiwango kwa maana inayokusudiwa na wanaotumia maneno hayo. Kilichokuwa kimevunjika kati ya mwaka 1993 na miaka ya 2000 ni njia ya kumfikia msikilizaji. Kipaji kilikuwa pale pale. Na njia hiyo iliungwa upya na watu wengine, wengi wao wakiwa wapiga gitaa wa baa ambao majina yao hayakuwahi kuandikwa kwenye santuri yoyote.

Kwanza, neno kuhusu aina ya muziki. Mapenzi ya Wakenya kwa country hayahitaji ushahidi mrefu. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye baa ya Nairobi Jumapili jioni amemsikia Jim Reeves au Kenny Rogers. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi kwa Wakipsigis wimbo wa Chemirocha, jina ambalo ni la mwimbaji wa country Jimmie Rodgers, lililopita kwenye ndimi za Kipsigis. Leo Elvis Otieno, anayejulikana kama Sir Elvis, amejenga jina kwa kuimba country jukwaani jijini. Lakini kama swali ni nani mtunzi wa Nairobi anayelingana na wale watunzi wa Marekani wa gitaa na visa, wenye mamia ya nyimbo na ulimi usioogopa wakubwa, jibu haliko kwenye kofia pana. Liko River Road, barabara ya jijini ambako Kamaru aliendesha duka lake la muziki la City Sounds.

Sasa kipimo chenyewe. Wahakiki wa Marekani na Uingereza wana kawaida ya kutangaza kwamba mwanamuziki mkongwe amefufuka. Neil Young alitoa Harvest mwaka 1972 na Harvest Moon mwaka 1992, na ile miaka 20 katikati ikawa hadithi tayari. Johnny Cash alifufuliwa na American Recordings mwaka 1994, Bob Dylan na Time Out of Mind mwaka 1997. Katika visa vyote vitatu kitu kinachopimwa ni albamu: kazi ya dakika 40 au zaidi, yenye jalada, inayowekwa kando ya albamu zilizotangulia na kupewa alama. Bila albamu, hadithi ya kufufuka haina mguu wa kusimamia.

River Road haikuishi kwa albamu. Iliishi kwa santuri ndogo ya mizunguko 45, upande mmoja ukiwa na dakika tatu au nne tu. Wimbo uliozidi hapo ulikatwa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili, na mara nyingi upande wa pili ndipo gitaa lilipoachiwa likimbie. Mtunzi aliyekuwa na la kusema hakungoja akusanye nyimbo kumi. Aliingia studio, akarekodi, na santuri ikafika dukani habari yenyewe ikiwa bado moto. Ndiyo maana wingi wa kazi za Kamaru, ambao hutajwa kwa mshangao kana kwamba ni maajabu ya bidii, una sababu ya kawaida sana. Aliandika mara nyingi kama mwandishi wa safu ya gazeti anavyoandika mara nyingi. Mwandishi wa safu haulizwi kama kitabu chake cha mwisho kinafikia kile cha kwanza. Huulizwa kama jana alisema kitu.

Tazama alichosema. Baada ya Celina, wimbo wa mwaka 1967 aliouimba na dada yake Catherine Muthoni na uliompa jina, mwaka 1969 alitoa Ndari ya Mwarimu, unaomsema mwalimu anayewatongoza wanafunzi wake. Walimu walikasirika na chama chao kikatishia mgomo. Machi 1975 mbunge J.M. Kariuki aliuawa na mwili wake ukapatikana kwenye vilima vya Ngong. Kamaru akatoa wimbo wa kumlilia, na ukaribu wake na utawala wa Jomo Kenyatta ukaingia baridi. Mwaka 1980 alikuwa katika msafara wa Rais Moi kwenda Japani, akarudi na Safari ya Japan. Ilipofika mwishoni mwa muongo huo, mambo yalikuwa yamegeuka tena, na Mahoya ma Bururi, sala kwa ajili ya nchi, ukawa miongoni mwa nyimbo ambazo wakubwa hawakutaka zisikike. Mwaka 1990 polisi waliwaandama wauza kanda na watu wa matatu waliokuwa wakicheza nyimbo za namna hiyo.

Mfululizo huu unaonyesha mtu anayesifu, anayekemea, anayeonya na anayeomboleza, kila mara akimlenga mtu au tukio ambalo wasikilizaji wanalijua kwa jina. Hiyo ndiyo fomu ya Kamaru. Ukiipima kwa uzuri wa sauti au werevu wa vidole kwenye nyuzi, utakuwa umepima kitu kingine. (Vidole navyo vilikuwa vizuri, lakini River Road haikuwa na uhaba wa vidole vizuri.)

Kwa kipimo hiki, mwaka 1993 unaonekana tofauti. Mhubiri pia anakemea na kuonya. Kamaru aliyeokoka hakubadili kazi. Alibadili andiko analolitolea mfano, na zaidi ya hapo alibadili mahali pa kusikika. Wimbo wa injili hauchezwi kwenye baa ya Kirinyaga Road saa nne usiku, na aliyekuwa akinunua kanda za Kamaru ili asikie nani amesemwa wiki hii hakuwa na sababu ya kununua kanda inayomsema shetani. Msikilizaji wa zamani alibaki bila mwimbaji, na mwimbaji bila baa. Kuliita pengo hilo kushuka kwa kiwango ni sawa na kusema redio imeharibika kwa sababu umehamisha mshale wa masafa.

Ni nini basi kilichotokea katika pengo hilo? Hapa ndipo ushahidi ulio mzito kuliko wote, na hapa ndipo utafiti uliopo unahitaji kupingwa.

Katika miaka ya 1990, na hasa mwishoni mwake, mtindo wa mugithi ulienea kwenye baa za katikati ya Nairobi na kando ya barabara zinazoelekea magharibi, Kangemi, Kawangware, Dagoretti hadi Kikuyu. Maana ya neno ni gari moshi. Mtu mmoja anasimama na gitaa, pengine na mashine ya kupiga ngoma, na wateja wanajipanga mstari, kila mmoja mikono mabegani pa aliye mbele, wakizunguka meza kama mabehewa. Mike Rua ndiye aliyejulikana zaidi. Kinachochezwa si nyimbo mpya za mpiga gitaa. Ni mchanganyiko mrefu usiokatika wa nyimbo za zamani, za Kamaru, za Daniel Kamau, za wengine wa kizazi chao, zikichanganywa na nyimbo za kanisani zilizogeuzwa maneno na nyimbo za jandoni zenye lugha ambayo mama mzazi hapaswi kuisikia.

Maina wa Mutonya, ambaye ndiye mtafiti aliyeufanyia muziki wa Kikuyu wa kipindi hicho kazi kubwa zaidi, aliusoma mugithi katika makala yake ya mwaka 2005 kwa miwani ya utambulisho wa kikabila na dhana ambazo Wakenya hubandikana. Usomaji huo una haki yake. Jijini, wakati siasa zilipokuwa zikigawa watu kwa majina, kuimba kwa Kikuyu ndani ya baa kulikuwa na maana zaidi ya burudani. Lakini miwani hiyo inauona mstari wa wachezaji na kuusahau mfuko wa nyimbo. Swali ambalo halikuulizwa vya kutosha ni la kawaida kabisa: nyimbo hizo zilitoka wapi, na ziliendeleaje kuwa hai wakati waliozitunga hawakuwa wakiziimba?

Jibu ni kwamba mugithi ulikuwa ghala. Santuri za mizunguko 45 zilikuwa zimekwisha madukani, vyombo vya kuzichezea vimeharibika sebuleni, kanda zimekuwa za kunakiliwa juu ya nakala. Kijana aliyezaliwa baada ya 1975 hakuwa na njia rahisi ya kuusikia wimbo wa mwaka 1969 kama ulivyorekodiwa. Aliusikia Kawangware, ukiwa umefupishwa kuwa beti mbili, umeunganishwa na wimbo wa mtu mwingine bila hata pumzi, na baa nzima ikimalizia kiitikio. Mpiga gitaa alichagua kile ambacho watu wangekiitikia. Kwa hiyo kila usiku wa mugithi ulikuwa pia kura: wimbo usioitikiwa uliachwa, ulioitikiwa ulirudi wiki iliyofuata. Mtunzi mwenyewe alikuwa kanisani, na kazi yake ikawa inapigiwa kura na watu ambao wengi hawakuwahi kumwona jukwaani.

Jambo hili lina upande wake mchungu. Mpiga mugithi alilipwa na mwenye baa. Mtunzi, kwa kawaida, hakupata kitu. Chama cha haki za muziki, MCSK, kilikuwepo tangu mwaka 1983, lakini kukusanya mirabaha kutoka baa ya Uthiru kwa beti mbili zilizoimbwa saa sita usiku ni kazi inayozidi uwezo wa chama chochote. Ghala lilihifadhi mali bila kumlipa mwenye mali.

Kisha hewa ikafunguka. Mwaka 2000 Kameme FM ilianza kutangaza kwa Kikuyu kutoka Nairobi, Inooro ikafuata, na redio hizo zilihitaji muziki wa kujaza saa nyingi kwa siku. Zilipofungua makabati, zilikuta wasikilizaji tayari wanayajua maneno. Desemba 2002 utawala wa chama cha KANU ukaisha, na nyimbo ambazo mwaka 1990 zingempeleka dereva wa matatu kituo cha polisi zikawa za kuombwa kwa simu. Kamaru aliporejea kwenye nyimbo za dunia, alirejea kwenye nyumba iliyokwisha kufagiliwa na wengine. Matatu namba 46 na 105 zilikuwa zinamcheza kabla hajatoa neno jipya.

Kuna pingamizi mbili za kushughulikiwa. Ya kwanza inasema kwamba sauti ilikuwa imezeeka na nyimbo mpya hazikupata nguvu ya zile za 1969 au 1975. Hili ni kweli kwa sehemu, lakini linaimarisha hoja badala ya kuibomoa. Kama mtunzi alisherehekewa ilhali nyimbo mpya hazikutikisa nchi, basi kilichosherehekewa hakikuwa fomu mpya. Zaidi ya hayo, baada ya mwaka 2002 kila mtu alikuwa akimkemea mkubwa hadharani, redioni na bungeni. Mwonyaji alikosa upekee kwa sababu soko la maonyo lilikuwa limejaa.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Huenda makala haya yanawapa wapiga mugithi na redio sifa ambayo ni ya familia na wahifadhi. Shirika la Ketebul Music, chini ya Tabu Osusa, lilikuwa limetoa mradi wa Retracing Kikuyu Popular Music mwaka 2010. Mjukuu wa Kamaru, aliyerithi jina la babu kwa desturi ya Kikuyu na anayejulikana duniani kama KMRU, msanii wa sauti mwenye albamu ya Peel ya mwaka 2020, ameziweka rekodi za babu yake mtandaoni, ambako anayezisikia leo anaweza kuwa Berlin au Tokyo. Bila kazi hizo, rekodi halisi zingepotea. Ila kuhifadhi rekodi na kuhifadhi wasikilizaji ni kazi mbili. Ya kwanza inaweza kufanywa na watu watatu wenye mashine nzuri. Ya pili ilihitaji baa nyingi, na ilifanywa mapema zaidi.

Inafaa hata hivyo kuiangalia miaka iliyoandikwa kwenye mkusanyo wa nyimbo za Kamaru uliopewa jina la Heavy Combination: 1966–2007. Anayeamini vipande vitatu angetarajia mkusanyo uishie 1993, au uache nafasi wazi katikati kwa alama fulani. Mwaka 2007 Kamaru alikuwa na umri wa miaka 68. Msikilizaji asiyejua Kikuyu wala habari za kuokoka anaucheza kutoka mwanzo hadi mwisho kama kazi ya mtu mmoja.

Kangemi, saa za usiku, nyimbo hizo bado huchezwa kwa beti mbili mbili.