Sikio na Sahani ya Muziki

Mwaka 1982 sahani ndogo iitwayo CD, kazi ya Philips na Sony, ilianza kuuzwa. Humo sauti hupimwa mara 44 100 kila sekunde. Mwaka 1999 ikafuata SACD, yenye sifa (na bei!) kubwa zaidi. Je, masikio yetu yasikia tofauti?

Huko Marekani, Meyer na Moran waliipitisha sauti ya SACD katika kipimo cha CD, wakawataka wasikilizaji watambue ipi ni ipi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2007: katika majaribio 554 walipata 276, kama wenye kubahatisha. Sauti ilipopandishwa mno tu, mvumo wa CD ulisikika. Hata hivyo sahani nyingi mpya zilikuwa tamu kweli, kwani mafundi walikuwa wamezitengeneza kwa uangalifu zaidi.