Kumbukumbu Isiyokumbuka

Mhasibu mmoja aliniletea kompyuta yake akisema, "Kaka, diski imekufa." Ilikuwa inatumia Linux, na kufungua faili moja la mahesabu kulichukua muda wa kuchemsha chai. Taa ya diski haizimi. Nilipoendesha amri ya vmstat nikatazama safu mbili, si na so: ya kwanza huhesabu kinachorudi kwenye kumbukumbu kutoka diskini, ya pili kinachotolewa humo kwenda diskini. Mashine yenye nafasi huonyesha sifuri kotekote. Hapa tarakimu hazikutulia. Diski ilikuwa nzima. Kumbukumbu ilikuwa ndogo, na diski ikabebeshwa mzigo usio wake.

Neno "kumbukumbu" limenikaa rohoni tangu siku hiyo. Kwetu kumbukumbu ni kinachobaki. Kumbukumbu za mkutano huandikwa ili mwakani mtu asikane alichosema. Marehemu hufanyiwa kumbukumbu kwa kuwa yeye hayupo. Kwenye kompyuta tumelipa jina hilo pande linalosahau kila kitu umeme ukikatika. Mtunzaji wa kweli ni diski. Mtaani watu wameusikia mgongano huu na kuumaliza wenyewe: "memori" ni kadi ya simu na nafasi ya picha, yaani hifadhi, na ile nyingine ni "ramu". Wanaistilahi wanaweza kukunja uso, lakini mimi nauona mtaa umetenganisha mambo mawili ambayo neno letu rasmi limeyachanganya.

"Spidi ya diski" nayo ni mbili. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, hivyo data husubiriwa wastani wa zaidi ya 4, bado kichwa hakijasogea. Ukiomba vipande vilivyotawanyika, utapata kama 100 kwa sekunde. Kumbukumbu nayo husafiri kwenda na kutoka diskini kwa vipande viitwavyo kurasa, na ukurasa mmoja kwa kawaida ni baiti 4,096. Kurasa 100 ni kilobaiti 400 hivi, kwenye diski ileile inayosoma zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde data ikiwa imepangika. Mtiririko ni neno moja, usubiri ni jingine. Mhasibu aliteswa na usubiri.

Linalonisumbua zaidi ni "kutenga". Kosa namba 12 la Linux husema kumbukumbu haikuweza kutengwa. Lakini ukimtengea mgeni chumba, chumba kipo na hakuna mwingine anayelala humo. Linux kwa kawaida haitendi hivyo. Programu ikiomba gigabaiti nzima, hujibiwa ndiyo, na ukurasa hutolewa pale tu programu inapougusa kwa mara ya kwanza. Huko ni kuahidi. Na ahadi ni deni: wadai wakija wote siku moja, kiini cha mfumo huchagua mchakato mmoja na kuuua, nao hufa bila kuliona kosa namba 12 hata mara moja. Fundi akiweka vm.overcommit_memory kuwa 2, mfumo huanza kuzihesabu ahadi zake na kukataa mapema. Hapo ndipo "kutenga" linapoanza kustahili jina lake.

Kuna pia kurasa ziitwazo "chafu", zilizobadilishwa kwenye kumbukumbu lakini hazijafika diskini. Siwezi kulikubali neno hili. Chafu kwetu ni cha kufuliwa au kutupwa, na ukurasa huu ndio wenye kazi mpya kuliko zote, wa kwanza kupotea umeme ukienda. Ningeuita ukurasa wenye deni, maana diski inaudai.

Kompyuta ya mhasibu niliiongezea gigabaiti nne, si na so zikarudi sifuri. Kwenye risiti nilianza kuandika "kumbukumbu", nikakata, nikaandika "ramu". Ndilo neno atakalolitaja siku akienda dukani.