Disertasioni ya mtihani wa Serikali: ilitoka wapi, na inawadai nini watoto wetu



Kila mwaka, majuma machache mbele ya mtihani wa Serikali, wanafunzi wa darasa la sita ya sekondari wanapitia kwanza kipindi wanachokiita orsesioni. Humo kuna Kifransa cha kusema kwa mdomo, kazi za mikono kwa wale wa ufundi, na insha ya Kifransa yenye saa iliyopimwa, yaani disertasioni. Leo tuangalie historia ya insha hiyo, kwa sababu wazazi wengi wanaiogopa bila kujua ilikotoka.

Wakati wa Wabelgiji shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misioni. Lovanium, chuo kikuu cha kwanza, kilifunguliwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika hata 30. Kisha sekondari zikaongezeka haraka, na nchi ikahitaji kipimo kimoja. Mwaka 1967, wakati wa Mobutu, ukaanza mtihani mmoja kwa nchi nzima. Nchi iliitwa Zaire mwaka 1971, ikarudia jina la Kongo mwaka 1997, lakini mtihani ulibaki. Hata vita ya 1998 mpaka 2003 ilipoigawa nchi, wazazi wa upande huu waliendelea kuuliza swali moja: je, diploma ya mtoto wangu itatambuliwa Kinshasa? Walijua kwamba bila karatasi ile hakuna chuo kikuu kinachofungua mlango.

Katika siku nne za mtihani wenyewe, mwanafunzi anachagua jibu kati ya majibu yaliyoandikwa. Asiyejua anaweza kubahatisha, na mara nyingine bahati inamkubali. Kwenye disertasioni hakuna cha kubahatisha. Ni mada, karatasi, biki na saa. Hapo tu ndipo mtoto anaulizwa: wewe mwenyewe unafikiri nini?

Na anaulizwa kwa Kifransa. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, lakini lugha ya kazi za Serikali ni Kifransa. Mtoto wa hapa anaongea Kifuliiru nyumbani na Kiswahili sokoni, halafu anaandika insha kwa lugha ya tatu huku dakika zinakwenda. Akichelewa, tusimwite mjinga. Anafanya kazi mara mbili: kutafuta wazo, na kulivusha mto.

Mimi siku yangu nilitumia muda mwingi kupamba utangulizi. Msimamizi alipotangaza kwamba muda unakaribia kwisha, nilikuwa bado sijamaliza hoja ya pili. Hitimisho langu likawa mistari mitatu. Nilikuwa na mawazo, lakini sikuwa nimeyagawia saa.

Kuna jambo lingine. Mtoto wa Katogota si maskini wa mawazo. Amekua akisikia habari za tarehe 14 Mei 2000, siku ambayo zaidi ya watu 30 wa kijiji hiki waliuawa. Desemba 2025, vita iliposhuka bonde la Ruzizi kutoka Kamanyola mpaka Uvira, familia nyingi zilivuka mto kuingia Burundi. Mtoto huyo akipewa mada juu ya amani, haki au kazi, ana mengi ya kusema kuliko anayeisoma amani kitabuni tu. Kinachomkosa ni mazoezi, daftari, na mahali patulivu pa kukaa.

Kwa hiyo, wazazi, mnapokimbia mubebe bulletini za watoto pamoja na kadi ya uchaguzi. Nguo inanunuliwa tena. Bulletini ya shule iliyoungua ni taabu kuipata. Walimu mulio na wahami, hata chini ya mti, wapeni mada moja kwa juma na muangalie saa. Nanyi wanafunzi, andikeni kwanza mpango: utangulizi mfupi, hoja zenu na mifano yake, kisha hitimisho. Bakizeni dakika kumi za kusoma tena.

Zamani majina ya waliofaulu tuliyasikia redioni, mtaa mzima ukinyamaza. Leo yanafika kwa simu, lakini poda nyeupe kichwani ni ileile. Tunataka tuione tena hapa kwetu, na huko kote muliko.

Kutoka Katogota, ni mimi mwandishi wenu.